Hasara ya Nani?

Lugha yetu ina maneno mengi ya watu wanaouza na kununua, na kila neno limebeba hukumu yake. Mfanyabiashara ni neno la heshima, ingawa ni pana mno. Mchuuzi huchukua mali kwa jumla akaiuza rejareja, na jasho lake linaonekana. Dalali huuza mali ya mwingine akala ujira, na hata tukimcheka kwa wingi wa maneno yake, kazi yake tunaijua. Mlanguzi ndiye tuliyemchukia: alinunua akaficha, akangoja bei ipande, akauza. Waliokuwa watu wazima Tanzania mwaka 1983 wanakumbuka jinsi neno hilo lilivyovuma pamoja na neno mhujumu, na jinsi watu walivyotupa bidhaa usiku mitoni na vichakani kwa hofu ya msako.

Kazi ambayo vijana wetu wengi waliosoma wanaitamani leo haimo katika orodha hiyo. Mtu huketi mbele ya vioo vya kompyuta, akanunua na kuuza hisa, fedha za kigeni, hati za mikopo ya serikali, au mikataba ya kahawa na mafuta ambayo hataiona mali yake wala kuinusa, na riziki yake ni tofauti kati ya bei aliyonunulia na bei aliyouzia. Wao humwita treda. Huenda neno hilo waliliazima kwa uvivu, au huenda kwa busara, maana neno la kuazima halijatiwa bado hukumu ya wazee. Na swali wanalouliza juu ya kazi hiyo ni moja: nisome shahada gani ya pili ili nifike? Huliuliza kama msafiri anayeuliza basi la Arusha linasimama wapi.

Mpwa wangu mmoja, mwenye shahada ya kwanza ya hisabati na takwimu na miaka mitatu ya kazi ya benki, aliniuliza mimi kwa sababu nilifundisha hisabati miaka mingi, na mwalimu hudhaniwa kujua hata yale asiyofundisha. Alikuwa amekubaliwa na vyuo viwili vya Marekani, kimoja kwa usimamizi wa biashara, kingine kwa hisabati za fedha. "Mjomba," aliandika baada ya kunishikamoo, "nataka kuwa treda. Nichague ipi?"

Jibu la kwanza si gumu, nami nitalipita haraka. Shahada ya usimamizi wa biashara hufundisha kuongoza watu, kusoma hesabu za kampuni, kutafuta wateja; zamani ilikuwa mlango mpana wa kuingilia Wall Street, na hata leo humfaa anayetaka kushauri makampuni yanayonunuana. Lakini kununua na kuuza kwenyewe kumebadilika. Wale watu wa Chicago waliovaa koti za rangi kali na kupigiana kelele na ishara za vidole katika mashimo ya soko wamekwisha karibu wote. Mwaka 2015 kampuni ya CME Group ilifunga mashimo mengi ya mikataba ya baadaye, Chicago na New York pia. Mashine zimechukua nafasi, na mashine hutaka hisabati. Ndiyo maana vyuo vimeanzisha shahada za hisabati za fedha na uhandisi wa fedha: Carnegie Mellon mwaka 1994, Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1996, vikafuata vingine. Humo hufundishwa nadharia ya uwezekano, lugha za kompyuta, na ile kanuni ya kukadiria bei ya haki ya kununua au kuuza baadaye, iliyotolewa na Black, Scholes na Merton mwaka 1973, mwaka ule ule Chicago ilipofungua soko maalumu la haki hizo. Anayeogopa ada atazame Chuo cha Baruch huko New York, ambacho ni cha umma, na ambacho hutajwa sambamba na Princeton ingawa gharama yake ni ndogo kwa mbali.

Tena ni lazima aelezwe kwamba yapo makampuni makubwa ya kazi hii yasiyoitaka shahada yoyote ya fedha. Huchukua vijana wa hisabati na fizikia wenye shahada ya kwanza, wakawafundisha wenyewe. Jim Simons, profesa wa hisabati aliyeanzisha Renaissance Technologies, alijaza kampuni yake wanahisabati na wanafizikia na akawakwepa kwa makusudi watu waliolelewa Wall Street. Aidha mtu akisema tu kwamba anataka kuwa treda hajasema kitu. Treda wa benki kubwa ya Marekani hasa huwanunulia na kuwauzia wateja, kwa kuwa sheria ya Dodd-Frank ya mwaka 2010 iliyabana mabenki yasifanye michezo ya bei kwa faida yao yenyewe. Treda wa kampuni binafsi hutumia mtaji wa wenye kampuni. Treda wa mfuko wa uwekezaji hutumia fedha za watu waliomwamini. Hizi ni kazi tatu zinazovaa kofia moja.

Nikamjibu mpwa wangu kwamba, kama ni lazima aende, aende kwenye hisabati. Barua ingeweza kuishia hapo. Lakini ule mgawanyo wa kazi tatu ulinikaa kichwani, kwa sababu kinachozitenganisha ni jambo moja, nalo halimo katika vitabu vya maelezo vya chuo chochote: siku ya hasara, hasara hiyo ni ya nani?

Yupo mtu mmoja wa Chicago ambaye maisha yake yanaliweka swali hili wazi kuliko maneno yangu. Richard Dennis alikuwa kijana wa kawaida aliyesoma falsafa chuoni. Alipata nafasi ya kusoma shahada ya pili ya falsafa katika Chuo Kikuu cha Tulane, akaiacha akarudi sokoni. Mtaji wake wa kuanzia ulikuwa dola 1,600 alizokopa nyumbani kwao. Dola 1,200 zikalipia kiti katika soko dogo la mazao, zikabaki 400 za kufanyia biashara. Kutoka hapo akawa tajiri wa kutajwa. Mwaka 1983 akabishana na rafiki yake William Eckhardt, aliyekuwa mtu wa hisabati, kama treda huzaliwa au hufundishwa. Ili kumaliza ubishi wakatangaza nafasi magazetini, wakachagua watu wa kila namna, mmoja mhasibu, mwingine katoka kampuni ya michezo ya kubuni, wakawafundisha kwa majuma mawili tu. Kisha Dennis akawapa fedha zake mwenyewe wakafanyie kazi, na kadhaa kati yao wakapata faida kubwa.

Watu wanaosimulia kisa hiki husisitiza yale majuma mawili, ili waseme kwamba shahada ni kupoteza muda. Mimi huvutwa na kitu kingine. Dennis alipoamini kwamba ufundi huu unaweza kufundishwa, alikuwa tayari imani hiyo imgharimu yeye. Wanafunzi wake wangeshindwa, ingepungua mali yake. Naona uadilifu katika jambo hilo, hata kwa mtu asiyeupenda mchezo wenyewe. Na kisa kina sehemu ya pili isiyosimuliwa sana: baadaye aliendesha pia mifuko ya fedha za wateja, na mwaka 1988 akaifunga baada ya hasara kubwa. Zile dola 400 za mwanzo zilikuwa za nyumbani, na waliomkopesha walimjua kwa sura. Wateja wa mwaka 1988 walimjua kwa sifa.

Hapa mcha Mungu atauliza kama kazi hii ni halali hata kabla hatujafika kwenye hasara. Katika mkataba wa baadaye, kila shilingi anayopata mmoja imetoka mfukoni mwa mwingine, na soko likakata ujira wake juu. Je, hiyo si kamari? Nimelifikiria sana, na jibu langu limetoka kwenye kahawa.

Mkulima wa mlimani Kilimanjaro anachuma kahawa aina ya arabika. Bei yake, hata ikinadiwa Moshi, inatazama bei ya New York, kama vile ile ya robusta ya Kagera inavyotazama London. Msafirishaji akishanunua mzigo leo, itapita miezi kabla haujalipwa Ulaya, na katika miezi hiyo bei inaweza kuanguka ikamfilisi. Basi huuza mkataba huko New York kwa kiasi cha mzigo wake. Bei ikianguka, anachopoteza katika magunia hukipata katika mkataba, ikipanda huwa kinyume chake, naye hulala usingizi. Lakini mkataba hauuzwi hewani. Lazima awepo mtu upande wa pili anayekubali kuichukua ile hofu, na mara nyingi mtu huyo ni treda. Hana kahawa, haitaki kahawa, pengine hunywa chai. Alichonunua ni wasiwasi wa mwenzake.

Kwa hiyo sioni kosa kazi hii kuwa na ujira. Kuna watu wasioweza kubeba hasara na kuna wanaoweza, na kuihamisha kutoka kwa wa kwanza kwenda kwa wa pili ni huduma, kama hamali anavyohamisha gunia. Yanayotokea mara nyingine ni maovu, na bei ya New York haimjui mkulima. Mfumo wa mgawo wa dunia wa kahawa ulipovunjika mwaka 1989 na bei kuporomoka, wapo waliong'oa mibuni wakapanda nyanya. Ila lile lilikuwa jambo la serikali na mikataba yao kuliko la treda mmoja. Ninachosema ni kwamba ikiwa kazi ya treda ina uhalali wowote, uhalali huo ni huu wa kubebea wengine mzigo. Basi treda anayeuchukua ujira wa hamali halafu akalitua gunia kichwani kwa mtu mwingine ambaye hakuulizwa, huyo ameipindua kazi yake juu chini.

Na hivyo ndivyo ilivyotokea mara mbili zinazojulikana sana. Nick Leeson, Mwingereza asiye na shahada ya chuo kikuu, alifanya kazi Singapore kwa niaba ya benki ya Barings iliyoanzishwa mwaka 1762. Alisimamia ununuzi na uuzaji, na pia ofisi iliyohakiki ununuzi na uuzaji huo huo. Yaani alikuwa mchezaji na mwamuzi. Hasara zake alizificha katika akaunti namba 88888. Tetemeko la ardhi la Kobe la Januari 1995 liliangusha soko la Japani, yeye akaongeza dau, na mwezi uliofuata hasara ilikuwa imefika pauni milioni 827. Benki iliyodumu zaidi ya karne mbili ikauzwa kwa pauni moja, na walioikopesha kwa kununua hati zake wakabaki na karatasi.

Baada ya hapo wengi walisema: angalia, hakusoma. Ndipo akaja Jérôme Kerviel. Huyu alikuwa na shahada ya uzamili ya fedha kutoka Lyon. Alianza katika ofisi za nyuma za benki ya Société Générale, zile zinazohakiki kazi za matreda, akazijua njia zote za ukaguzi, kisha akahamia mezani pa biashara. Januari 2008 benki ilitangaza kwamba michezo yake imeigharimu yuro bilioni 4.9. Elimu haikumzuia, kwa kadiri ninavyoona, ilimwonyesha mahali pa kupita. Mahakama ya Paris ilimtia hatiani mwaka 2010, na moja ya makosa hayo sheria ya Ufaransa hulitaja kwa maneno ambayo sisi tungeyatafsiri kwa neno la zamani sana la pwani: kuvunja amana.

Amana ndilo neno nililokuwa nikilitafuta. Mtu aliyewekewa amana anaweza kuipoteza bila kuwa mwovu. Moto huwaka, mwizi huingia. Uovu wake huanza pale anapojua kwamba imepungua akamwacha mwenyewe aendelee kuamini kwamba imo. Leeson na Kerviel hawakufanana kwa elimu wala kwa nchi. Walifanana kwa kuficha.

Wapo pia walioshindwa bila kuficha, nao wananisumbua zaidi. Long-Term Capital Management ulikuwa mfuko ulioanza kazi mwaka 1994, na miongoni mwa washirika wake walikuwa Scholes na Merton wenyewe, waliopewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1997 kwa ile kanuni ya kukadiria bei. Kwa hiyo hakuna shahada duniani ambayo ingewapa elimu zaidi. Waliofundisha shahada hizo walifundisha kazi zao. Nao walikuwa wameweka fedha zao wenyewe humo, nyingi. Lakini kwa kila dola moja ya mfuko walikuwa wamekopa zaidi ya 20. Agosti 1998 Urusi iliposhindwa kulipa madeni yake, bei zikaenda mahali ambapo hesabu zao ziliona hapaendeki, na kufikia Septemba mabenki na makampuni 14, yakikutanishwa na Benki Kuu ya New York, yalilazimika kutia dola bilioni 3.6 ili kuanguka kwao kusiburute wengine. Hawakuiba. Walikuwa tayari kupoteza vyao. Ila walikuwa wamejitwika gunia kubwa kuliko kichwa chao, na gunia la namna hiyo likidondoka humwangukia aliye karibu.

Niliyaandika haya yote kwa mpwa wangu katika barua ya pili, iliyokuwa ndefu kupita kiasi. Nikamwuliza kama ameona kwamba biashara yake ya kwanza tayari ameianza, kabla ya kupanda ndege. Kusoma shahada hiyo katika chuo cha kusifika Marekani, ukijumlisha ada, nyumba na chakula, hufika dola 100,000 bila shida. Chuo chake kilikuwa kimempunguzia sehemu kubwa, na yeye alikuwa na akiba, lakini zilipungua dola 38,000. Hizo zilikuwa zitoke kwa ndugu, na kwa mkopo ambao dhamana yake ilikuwa kiwanja cha baba yake mjini Moshi. Kihamba, yaani lile shamba la ukoo lenye makaburi ya wazee, hakuna aliyethubutu kukitaja. Ikiwa atapata kazi, mshahara wa mwaka mmoja unaweza kumaliza deni. Ikiwa muda wa kibali chake cha kazi utakwisha kabla hajaajiriwa, atarudi kwenye mshahara wa benki ya hapa, na kiwanja kitakwenda. Yaani faida ikija ni yake na hasara ikija ni ya wengine. Kwa lugha ya shahada anayoitaka, ukoo ulikuwa unampa bure haki ambayo Chicago huuzwa ghali.

Nilimtaka aandike karatasi moja ya kusomwa siku ya kikao: gharama, uwezekano, na mstari wa mwisho useme wazi nani atapoteza nini mambo yakienda vibaya. Aliandika vizuri, na kwa hesabu safi. Baba yake alisoma akanyamaza. Dada yangu alilia kidogo. Shangazi yake, ambaye amefanya biashara ya duka kwa miaka zaidi ya 30 na ambaye mchango wake ulikuwa mkubwa kuliko wangu, aliisoma mara mbili akaweka kidole kwenye mstari ule.

"Shemeji," aliniambia, kwa kuwa alijua mstari umetoka kwangu, "huu wa nini? Mtoto wa kaka yangu hatuandikishiani hasara."

Nikamweleza kwamba kwa sababu hiyo hiyo, kwa sababu hakuna atakayemdai, ni vema ijulikane.

"Unadhani hatujui kwamba fedha hupotea? Tumesomesha watoto wangapi katika ukoo huu? Wangapi wamerudisha hata sabuni? Na bado tunasomesha."

Sikuwa na jibu la haraka, na hata sasa nilizidisha hesabu mahali ambapo yeye alikuwa ameshahesabu zamani. Alikuwa upande wa pili wa mkataba na alijua anachokichukua, kama yule mnunuzi wa wasiwasi huko New York, isipokuwa yeye hakutaka ujira. Hata hivyo niliona kwamba mpwa wangu, aliyekuwa ameinamisha kichwa tangu kikao kianze, aliinua macho alipomsikia shangazi yake akiyasema hayo kwa sauti. Nadhani alikuwa amejiaminisha kwamba wazee hawaelewi hatari yake, na dhana hiyo humrahisishia mtu mambo mengi.

Mstari haukufutwa. Shangazi aliomba kalamu, akatia saini chini yake, mumewe akafuata, kisha akauliza kama ni kweli kwamba Chicago ziwa zima huganda, na ni nani atakayemnunulia mtoto koti.